Yusta na Gurudumu la Kushoto

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na nyingine, Yusta alinipa pistoni nishike.

Tulikuwa tumekaa barazani. Ukungu ulikuwa bado umelalia kabichi, chai ipo mezani na viazi vya kuchemsha. Aliifuta pistoni kwa kitambaa, akaigeuza kwenye mwanga, kisha akanisogezea taratibu kama mtu anayekupa yai.

"Baba Marta, pitisha ukucha."

Pistoni ya breki ni kidude cha chuma mfano wa kikombe kisicho na mkono. Hiyo ndiyo inayosukuma pedi zibane diski, gurudumu lisimame. Ikiwa na kutu au mkwaruzo, hata mwembamba kama unywele, inakwama humo ndani, na gurudumu linabaki limebanwa hata dereva akiachia. Nilipitisha ukucha juu mpaka chini, nikazungusha, nikapitisha tena. Nikamwambia ni laini.

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Kucha za jembe hizo," akasema, akaichukua.

Akapitisha ukucha wake mwenyewe, uso ameuelekeza pembeni kama anayesikiliza. Nilijua hasikii kitu. Kisukari kilikuwa kimemla ncha za vidole. Alikuwa anashika kikombe cha chai ya moto mpaka nimwambie kinamuunguza. Mtu mwingine angeishi na hilo. Yeye vidole ndivyo vilikuwa kazi yake.

Pistoni ile ilikuwa ya pikapu ya Zabron, mdogo wake, anayeteremsha mboga Mombo. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limejam. Yusta akalitengeneza. Likajam tena. Akalitengeneza. Likarudi. Na jana yake, tukichambua mchicha, alikuwa ameniambia kwamba safari hii likirudi ataacha kazi. Hakusema kwa hasira. Alisema mtu ambaye mikono yake inamdanganya hana haki ya kumfungia mwenzake breki, mwenzake akashuka nayo milima hii akidhani amefungiwa.

Niseme kwanza alikuwa nani.

Alizaliwa Bulwa, kwenye mashamba ya chai, upande wa mashariki wa milima hii. Mama yake alichuma chai. Baba yake, mzee Abrahamu, alikuwa akitengeneza matrekta ya shamba. Wasichana wenzake walipobeba vikapu kwenda kuchuma, yeye alikaa na baba yake akiosha vyuma kwa petroli. Nilipomwoa akaja kwetu huku Lushoto, njia ya kwenda Irente, alikuja na sanduku la nguo na mfuko mzito. Mama yangu aliufungua ule mfuko akidhani ni vyombo vya jikoni. Alipoona spana, aliufunga tena taratibu.

Miaka kadhaa alilima na mimi. Kisha siku moja gari la wageni waliokuwa wanakwenda Irente kutazama bonde na kununua jibini likasimama mbele ya shamba letu, moshi unatoka gurudumuni. Yusta aliacha jembe kwenye mtaro. Aliporudi mikono ilikuwa myeusi na uso wake sijawahi kuuona vile tangu arusi. Jioni akaniomba lile eneo la kando ya barabara nililotaka kupanda miti ya plamsi. Nikampa. Tukaweka bati, nguzo na jiwe kubwa la kuzuia magari yasiteremke.

Alitengeneza breki tu. Injini alikataa, hata walipombembeleza. Mtu aliyetaka injini alielekezwa stendi.

Kazi yangu ilikuwa kukanyaga. Ukitaka kutoa upepo kwenye mabomba ya breki lazima muwe wawili, mmoja ndani ya gari akanyage, mwingine chini afungue koki ndogo. "Kanyaga." "Shikilia." "Achia." Nadhani katika ndoa yetu maneno hayo tuliambiana kuliko mengine yote. Tukigombana asubuhi, gari likija mchana ilibidi nipande nikakanyage, na tukimaliza hakuna aliyekumbuka tuligombania nini.

Mimi shule sikwenda. Herufi alinionyesha yeye, kwenye makopo ya mafuta ya breki, ili nisije nikampa kopo la mafuta mengine. Ndizo hizi ninazoandikia.

Sasa hiyo pikapu.

Mara ya kwanza Zabron alipoileta, alilalamika kwamba gari linavutia kushoto na linanuka kama nguo iliyoachwa kwenye pasi. Yusta akaona ni jambo la kawaida, akalimaliza siku ile ile. Iliporudi mara ya pili alidhani ni vifaa. Akaagiza mipira mingine ya pistoni Tanga, akafunga upya. Iliporudi mara ya tatu hakugusa spana. Alizunguka gari, akarudi kukaa kwenye kigoda.

Huku nyuma maneno yalikuwa yameshaanza. Pale stendi kuna fundi kijana anaitwa Alen, anatengeneza kila kitu, na mdomo wake haulali. Hawa, anayeuza chai pale, ndiye aliyetuletea. Alisema madereva walikuwa wanamtania Zabron kwa kuja na kurudi, ndipo Alen akawaambia kwamba bibi alikuwa fundi kweli, ila sasa anafunga breki kwa kukumbuka. Watu wakacheka mpaka chai zikamwagika. Hawa alisimulia akitegemea Yusta atamtukana Alen. Yusta alimuuliza tu kama maandazi bado anapika mwenyewe au ananunua.

Lakini siku ile nilimkuta nyuma ya gereji amefumba macho. Alikuwa ameweka nati kwenye sahani, anaokota moja moja, anajaribu kutambua ukubwa kwa vidole. Nikarudi nyuma taratibu, nikaenda kumwagilia karoti ambazo zilikuwa zimeshamwagiliwa.

Mara ya tatu hiyo alilikagua gari kama hajawahi kuliona. Alimtuma Zabron azunguke nalo mpaka Irente na kurudi, kisha akasogeza shavu karibu na kila gurudumu, maana kiganja kilikuwa hakimwambii joto. La kushoto mbele lilikuwa moto, mengine vuguvugu. Akapiga jeki, akalizungusha kwa mkono. Halikuzunguka. Akaniambia nisimame pale nione. Akafungua ile koki ya upepo, mafuta yakatoka kidogo, akajaribu tena kulizungusha. Bado gumu. Akasema kama lingelegea hapo, basi ubovu ungekuwa kwenye bomba la mpira, limeziba, linazuia mafuta yasirudi. Halikulegea. Kwa hiyo ubovu uko kwenye kaliper yenyewe, kile chuma kinachokumbatia diski na kushika pedi.

Akaishusha. Pedi ya ndani ilikuwa imelika mpaka karibu na chuma, ya nje bado nene. Pini ambazo kaliper inatelezea zilitoka kwa nyundo, kavu, zimepiga kutu. Mpira unaofunika pistoni ulikuwa umepasuka pasuka kama midomo ya mtu mwenye homa, na ulikuwa mpya, haujamaliza hata msimu wa mvua. Tukaweka kipande cha ubao mbele ya pistoni isiruke, nikapanda, nikakanyaga polepole mpaka ikatoka. Ilikuwa na mstari wa kutu kuizunguka.

"Mpira huu nilifunga mimi," akasema. "Na grisi nilipaka mimi, ile ya breki, si ya bering. Ya bering inavimbisha mpira. Nilipaka ile ile?"

Nikamwambia nilimwona na kopo.

"Uliniona na kopo. Herufi ulizisoma?"

Sikuwa nimezisoma. Hakunilaumu, ila nilijua hatalala. Kuanzia hapo alikuwa hana uhakika na kopo, wala na kidole, wala na mimi.

Basi asubuhi ile niliyoanza nayo, tulipomaliza chai, alifunga tena. Pistoni alikuwa ameisugua kwa msasa laini uliolowa mafuta ya breki, kaliper ameisafisha, mipira mipya. Safari hii kila kopo aliniambia nilisome kwa sauti kabla hajalifungua, nami nikasoma kama mtoto kanisani. Nikakanyaga, nikashikilia, nikaachia. Gurudumu likazunguka kwa kidole.

Zabron alikuja wakati ukungu unapanda. "Onga makeo," akatuamkia kwa Kishambaa kutokea njiani, kisha akasogea akasema, "Shikamoo dada. Shikamoo shemeji." Alikuwa na haya. Alisema kama dada amechoka, kuna fundi Korogwe amesikia habari zake, si kwamba yeye anataka, ni wenye mzigo wanamsumbua.

Yusta akamjibu marahaba, akaenda ndani, akatoka amevaa koti lake la kijani.

"Leo nashuka na wewe," akasema.

"Kufanya nini, dada?"

"Kunusa."

Zabron akanitazama. Nikamwambia kabichi zangu ndizo anazobeba leo, na mimi nakwenda.

Yusta akakaa mbele, kioo wazi, kichwa nusu nje. Mimi nilikaa nyuma juu ya kabichi. Alikuwa amemwagiza Zabron aendeshe anavyoendesha siku zote, asijitie ustaarabu kwa ajili yake. Tulipofika Soni Yusta akamsimamisha, akashuka, akaweka shavu kushoto, akaweka shavu kulia. Watu waliokuwa wananunua pea walimshangaa bibi anayebusu magurudumu. Akapanda. Niligonga bati nikamuuliza. Akasema yako sawasawa.

Chini ya Soni barabara inabanwa kati ya mwamba na mto, na hapo ndipo breki zinapofanya kazi. Harufu ilianza kunifikia mpaka nyuma, ya pedi za moto, ile ya kawaida ya mteremko ule. Tukafika kona moja ambapo maji yanachuruzika kutoka mwambani, upande wa kushoto, yanajaa kwenye kishimo. Hakuna aliyemwambia Zabron asimame. Alisimama mwenyewe, akazima gari, akachomoa dumu lililokatwa mdomo kutoka chini ya kiti. Akachota maji, akayatupa kwenye gurudumu la mbele la kushoto.

Gurudumu likalia kama kikaango. Mvuke ukamfunika mpaka kiunoni. Akachota tena.

Yusta alikuwa ameshashuka. Alisimama, mkono umeshika mlango.

"Zabron. Unafanya nini?"

"Nalinywesha, dada."

"Unalinywesha."

"Limechoka. Wote tunanywesha hapa." Akatupa dumu la tatu, kwa fahari kidogo, kama anayemwonyesha dada yake jinsi anavyotunza ng'ombe. "Gari hili nalipenda mimi. Wengine wanapitiliza, mimi sipitilizi hata siku moja."

Ni kweli. Huku kwetu madereva wananywesha. Nimewaona tangu nikiwa kijana, malori yakishuka, utingo anaruka na ndoo. Niliona nikapita, kama unavyomwona mtu anafagia.

Yusta akakaa kwenye ukingo wa barabara. Nikadhani amepatwa na kizunguzungu, nikaruka chini na mguu wangu huu mbovu. Nilipofika alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga, na kila akimtazama Zabron na lile dumu alianza upya. Kisha akanishika mkono.

"Baba Marta," akasema, "si mikono."

Zabron alikuwa bado hajaelewa. Akamuuliza dada yake kosa liko wapi. Silvano, aliyemfundisha lori, marehemu sasa, alinywesha maisha yake yote, na lori lake lilikufa uzee.

"Lori la Silvano lilikuwa na breki za ngoma," Yusta akamwambia. "Chuma kinene, kimefunikwa. Unaweza kulimwagia ziwa zima. Hili lako lina diski, iko wazi, na nyuma yake kuna mpira mwembamba kama chuchu ya chupa ya mtoto. Mpira umeiva kwa moto, wewe unaupiga maji ya mwambani. Ukipika maharage ukakitoa chungu jikoni, ukakimwagia maji ya baridi, kinafanyaje?"

"Kinapasuka."

"Na mpira unapasuka. Maji yanaingia, yanalala humo na pistoni. Asubuhi unakuja kwangu."

Zabron akalitazama dumu kama limemtukana yeye.

Mimi nikauliza mbona basi linajam la kushoto peke yake. Yusta alinionyesha mwamba kwa kidevu. Maji yako kushoto, na gari linasimama kushoto. Zabron akakiri mwenyewe kwamba la kushoto ndilo analianza na kulishibisha, la kulia analizungukia na maji yaliyobaki, na akiwa na haraka halizungukii.

Tukakaa pale mpaka gari lipoe lenyewe. Magari mengine yalisimama, wakanywesha, wakaondoka. Dereva mmoja aliona tumekaa tu, akamwonea huruma Yusta, akatuletea dumu lake limejaa. Yusta akampokea, akamshukuru, akanawa uso.

Zabron alikuwa anajilaumu sasa. Alitaka tukirudi apitie stendi kwanza, amwambie Alen mbele ya watu wote. Dada yake akamkataza.

"Mwache. Alichosema kingeweza kuwa kweli," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakiamini."

Tulishuka Mombo, tukauza, tukarudi. Njiani aliimba, sauti ya chini. Jioni alikula vizuri.

Kesho yake aliamka mkono wa kulia haumtii, mdomo umekwenda upande. Marta, binti yetu, alikuja, tukampeleka hospitali. Alitutazama siku chache, hakusema tena, kisha akaondoka. Tulimzika juu ya shamba, mahali panapokauka mapema mvua ikikatika.

Madereva walikuja wengi. Wakati ndugu walipopewa nafasi ya kusema, Zabron alisimama. Nilidhani atasoma habari za ukoo. Alisema watu walisikia kwamba mikono ya dada yake ilikuwa imekwisha, na kwamba pikapu ilirudi mara nyingi. Alisema ilirudi kwa sababu yake. Akaeleza yale maji, kona kwa kona, mpaka chungu cha maharage. Madereva walikuwa wanatazama viatu. Mchungaji alimwacha amalize. Alen alikuwa amesimama nyuma, karibu na uzio. Baadaye alikuja kunishika mkono, akaniamkia, akanipa pole.

Zabron hakuigusa pikapu wakati wote wa matanga. Ilikuwa imesimama pale uwanjani, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu. Watu walipokwisha kuondoka, asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa Alen, na mfuko wake wa spana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kuangalia gari la Zabron. Kama utaniruhusu kufanyia hapa kwa bibi."

Nikamruhusu. Akaenda moja kwa moja kushoto, akapiga magoti, akaanza kutafuta pa kuweka jeki. Nikamwambia huko hapana, aende kulia.

"Si la kushoto lilikuwa linasumbua, mzee?"

"La kushoto alilimaliza."

Alinyanyuka, lakini niliona hajaridhika. Alitaka kujua nani ameona ubovu kulia, maana Zabron hakulalamika kitu upande ule. Nikamwambia ni kazi iliyoachwa na bibi mwenyewe. Jioni ile tuliporudi kutoka Mombo, alipokuwa anashuka kwenye gari hapo hapo tuliposimama, alizunguka kwa mbele, akainama, akaweka shavu. Kisha akanitazama, akasema hivi:

"Mikono ipo, baba Marta. Kesho tuamkie hili la kulia, maana nalo amelinywesha, ila kwa haraka."